Tuachieni pima moja ya barabara kwa baskeli

Hapa Unguja, kutoka Mwanakwerekwe hadi Darajani ni kama kilomita 5. Kwa daladala, asubuhi, utakaa umebanwa na kapu la mtu magotini. Mimi huondoka na baskeli kabla ya saa moja, jua halijakolea, na mara nyingi nafika nyiradi zangu za asubuhi hazijesha.

Kinachoniuma ni njia yenyewe. Pembeni lami imemeguka, chini mchanga, na dereva aliye nyuma anakupigia honi kana kwamba umeingia uani kwake. Mwezi uliopita, karibu na Amani, gari ilinibana nikatoka njiani, nikaanguka, baibui likanasa kwenye cheni. Mzee mmoja mwenye tenga la samaki kwenye keria alisimama, akaizungusha pedeli kinyumenyume, taratibu, mpaka nguo ikatoka bila kuchanika. "Pole mwanangu," akaniambia. "Sisi tumeshazoea."

Neno hilo, kuzoea, limenikaa rohoni. Huyo mzee ndiye anayetulisha. Samaki, mikate, nazi, madafu, vingi vinaingia mjini juu ya magurudumu mawili, bila tone la petroli, ambayo sisi visiwani kila lita yake inavuka bahari. Barabara zinapanuliwa, na nafurahi, ila nikizitazama sioni alipowekwa yeye.

Watu husema njia za baskeli ni mambo ya Ulaya. Hata Uholanzi hawakuzaliwa nayo: miaka ya 1970 wazazi waliingia barabarani kuandamana kwa sababu watoto wao walikuwa wakiuawa na magari. Na sisi baskeli si ngeni kwetu. Nenda Paje au Jambiani uwaone wasichana wanavyozipanda, mitandio inapepea. Mji Mkongwe ndio kabisa, vichochoro vyake gari haviingii. Kwa Mkunazini unapiga tu kengele mapema kwenye kona, maana hapakosi watoto wanaotoka chuoni.

Naomba njia ya baskeli ya pima moja, yaani upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, kila upande, yenye ukingo wa zege ili magari yasiegeshwe humo, na miti ya mikungu ipandwe kwa kivuli. Na pale Darajani, vyuma vya kufungia. Baskeli yangu bado naifunga kwenye nguzo ya umeme nyuma ya soko la Marikiti, na muuza ndimu ndiye anayeniangalizia.