Kununua kare si kununua msitu

Eti tajiri akinunua kare za dhahabu, yaani vipande vya ardhi vinavyopimwa kwa ajili ya vibali vya madini, huko msituni na kuziacha bila kuchimba, msitu umepona. Kwingine labda, kwetu Kongo hapana. Udongo na madini ni vya Serikali. Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inakupa kibali tu, tena inakutaka uanze kazi. Mimi nimekulia Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu, kabla ya kuhamia Bukavu. Mama alikuwa akitwanga mawe yaliyotolewa kwenye mashimo ya zamani ya Wabelgiji, vumbi likimganda hadi kwenye kope. Kare moja ni karibu hektari 85: ikilala bila mtu, kesho wachimbaji wamo, wana watoto wa kulisha. Ninyi mnaoishi kandokando ya hifadhi ya msitu ya Kahuzi-Biega, mnaonaje?