Mwanafunzi wa kompyuta, usisubiri mwaka wa mwisho

Jamani hili tuliongee waziwazi. Vijana wetu wanaosoma kompyuta vyuoni wanaamini utafiti ni mambo ya maprofesa na tuzo ni za wenye maabara kubwa huko Ulaya, basi mwaka wa kwanza unapita, wa pili unapita, mtu anakuja kushtuka yuko wa mwisho anahangaikia projekti ya kumridhisha supavaiza tu, halafu inaishia kabatini. Inaniuma sana.

Waangalieni Masakhane. Ni Waafrika waliokutana mtandaoni kuanzia 2019, wanafunzi wamo, na wapo hata ambao hawakusomea kompyuta, kazi yao ni kuzifanya mashine zielewe lugha zetu. Makala yao ya 2020 ikaja kupata tuzo ya utafiti ya Wikimedia Foundation mwaka 2021. Mwaka huohuo wakatoa data ya lugha 10, Kiswahili kimo, Kijaluo kimo, Kiganda na Kinyarwanda pia. Data yenyewe inaandaliwaje? Unakaa na sentensi za habari unaweka alama, hili jina la mtu, hili la mji, hili la shirika, mpaka macho yanauma. Kwa kazi hiyo mtoto wa Tandika anayekijua Kiswahili vizuri anamzidi profesa wa Stanford, kweli kabisa.

Ipo pia Deep Learning Indaba, mkutano wa Waafrika wanaosoma na kutafiti akili bandia, ulianzia Johannesburg 2017, ukaja Nairobi 2019, 2025 ukawa Kigali, yaani mtu wa Kampala anapanda basi tu anafika. Wana tuzo ya Kambule kwa tasnifu na ya Maathai kwa kazi zinazogusa maisha ya watu.

Wa digrii ya kwanza nao wana pa kuanzia. Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwalipa wanaoanza kuchangia programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaweza kuzirekebisha, ipo tangu 2005, na Outreachy, mpango mwingine wa aina hiyo, inalipa dola 7,000 kwa miezi mitatu ukifanyia kazi nyumbani kwako. Ila Outreachy wanataka wakuone unachangia kwenye programu ya mradi unaouomba kipindi kilekile cha maombi, hata kama ni kurekebisha kosa dogo au kunyoosha maelezo, sasa wewe ukiibuka siku ya dedilaini utaonyesha nini?

Na walimu wetu, nawaomba kwa heshima, tangazo la nafasi kama hizi likiwafikia lirusheni kwenye grupu la darasa siku hiyohiyo, msingoje yule mmoja anayekaa mbele aje aulize. Maabara nazo ziachwe wazi hadi usiku, maana kupakua vitu vizito kwa bando la mwanafunzi haiwezekani.