Mota Yataka Mshenga

Leo naomba nisiulizwe hali. Feni ya tanuri letu la kupashia nyumba joto imelia usiku kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha ikanyamaza kabisa, na nje ni nyuzi 24 chini ya sifuri. Wenzangu wa huku Minnesota, Marekani, wameshanielewa.

Moto wenyewe unawaka, tena kwa madaha: gesi inashika, ndimi za samawati zinasimama safu, lakini kwa kuwa hakuna upepo wa kusukuma joto kwenda vyumbani, swichi ya usalama inazima kila kitu kabla bati halijaiva. Ninalipia gesi ya kupasha sanduku. Fundi wa kwanza ana nafasi Jumatano ijayo. Wa pili alitaka dola 180 za kuja kutazama tu, na kutazama naweza mwenyewe, bure.

Nikaifungua mota ya feni hiyo, nikaizungushia khanga kuukuu kwa heshima zote za marehemu, nikaipeleka kwenye duka la vipuri. Muuzaji alinitazama kama baba mkwe anavyomtazama kijana aliyekuja kuposa na kandambili, kisha akaanza kuuliza ukoo. Nguvu yake? Thuluthi moja ya hospawa. Mizunguko? 1,075 kwa dakika. Volti? 115. Unene wa shafti, ile fimbo inayozunguka? Nusu inchi. Inazungukia upande gani? Hapo nilikwama, maana mimi na mota hiyo tumeishi nyumba moja miaka sita bila kuonana. Nikachora duara hewani kwa kidole. "Hapo unaitazama kutoka upande wa shafti au upande wa pili?" akauliza, nami nikaizunguka ile khanga mara mbili, huku mafundi watatu walio nyuma yangu wakitazama dari kwa adabu. Kapasita je, kile kikopo cha kuisaidia mota kuzunguka? Mikrofaradi 7.5, nikajibu kwa sauti iliyofika mlangoni, kwa kuwa hiyo niliisoma kwenye kibandiko. Akabonyeza kompyuta, akatabasamu, akasema zipo nne. Nikatoa kadi. Ndipo alipoomba namba ya leseni yangu ya ufundi, kwa sababu wao huwauzia mafundi peke yao, si wenye nyumba.

Kumbe nimekwenda kuposa bila mshenga. Nilimweleza, kwa adabu niliyolelewa nayo Tanga, kwamba kilemba nitatoa, mkaja nitatoa, na hata ya kufungulia mlango nitatoa, naye akajibu kwamba utaratibu ndio utaratibu. Jamani, nyuzi 24! Watoto wamelala na makoti na soksi mbilimbili! Na mwari mwenyewe namwona kwa macho yangu, yuko rafuni, amefunikwa nailoni, hana hata mchumba!

Nilimpigia jirani yangu Mkongo, ambaye leseni anayo. "Papa, niko juu ya paa la watu, nitakupigia," akasema, na tangu hapo ni kimya.

Nikiwa ningali kwenye gari, nikipuliza vidole, shangazi akapiga kutoka Tanga. Joto la Januari limemzidi, halali, nyumba imegeuka tanuri, kwa hiyo anaomba nimtumie hela ya feni. Nilitaka kumwambia kwamba tanuri lake linafanya kazi kuliko langu, lakini shangazi hajibiwi hivyo. Nikatuma, pamoja na ya kutolea, kwa vidole visivyohisi kitufe.

Nusu saa haikupita akapiga tena kushukuru. Alikwenda duka la pembeni, akaionyesha feni kwa kidole, kijana akaichomeka kwenye umeme, ikazunguka, akaichomoa, akamfungia kwenye boksi na kumbebea hadi nyumbani. Nilimuuliza kama kuna mtu yeyote aliyetaka kujua inazungukia upande gani. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huku ninakula vizuri.