Mkono Mtupu wa Mungu wa Artemision

Kila nikitazama picha ya sanamu hii ya bronzi ya Wagiriki wa kale, macho yangu huanzia kwenye mkono wa kulia. Umevutwa nyuma tayari kurusha, vidole vimekunjwa kushika kitu, na kitu chenyewe hakipo. Ubishi wote kuhusu jina lake umo katika vidole hivyo. Kama alishika mkuki wa ncha tatu, huyu ni Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale. Kama alishika radi, ni Zeus, ndugu yake, mungu wa anga.

Wengi humwita Poseidon, na nadhani ni kwa sababu ya alikotoka. Mwaka 1926 mkono wake mmoja ulipatikana baharini karibu na rasi ya Artemision, kaskazini mwa kisiwa cha Euboea nchini Ugiriki, na mwaka 1928 mwili wake ukaopolewa kwenye mabaki ya chombo cha baharini kilichozama. Lakini ndani ya mabaki ya chombo hichohicho alitoka pia farasi wa bronzi anayekwenda mbio, pamoja na kijana anayempanda, kazi ya miaka 300 hivi baada ya mungu huyu. Farasi yule hakuna anayemhusisha na bahari. Wote walikuwa shehena tu, na chombo kikazama nao.

Upande wa Poseidon una hoja moja nzito: sarafu za Poseidonia, mji wa Wagiriki kusini mwa Italia, zinamwonyesha mungu wa bahari kainua mkuki wake kwa mkao unaofanana na huu. Ila sarafu ni bapa, na mchongaji wake huupitisha mkuki apendapo. Sanamu ya mita 2.09 unaizunguka. Mweke mkuki mrefu mkononi, na mpini utakatiza uso wake ukimtazama kwa ubavu, pale ambapo mikono iliyotanuliwa inaonekana kwa uzuri wake wote. Fundi aliyejua kusawazisha mwili mzima juu ya miguu iliyoachana vile, mmoja ukigusa chini kwa vidole tu, asingeuziba uso alioutengeneza kwa subira kiasi kile. Radi ilikuwa fupi, ikikaa ndani ya kiganja. Na vipo visanamu vidogo vya Zeus, kikiwemo kimoja cha Dodona, patakatifu pa kale pa Zeus, vinavyoirusha kwa mkao huuhuu. Mimi ni wa upande wa Zeus.

Hata hivyo bahari naishukuru. Sanamu za bronzi za wakati huo, karibu mwaka 460 KK, nyingi ziliyeyushwa nchi kavu kwa ajili ya madini yake. Huyu alinusurika kwa kuzama, na leo yuko Athens, katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia. Macho yake, yaliyopachikwa kwa kitu kingine, hayapo, yamebaki matundu.

Kazi ya uopoaji ilisimama mwaka huohuo wa 1928, baada ya mzamiaji mmoja kufa. Katika mabishano ya Zeus na Poseidon hatajwi mara nyingi, na hilo linaniuma kuliko jina lolote linaloandikwa chini ya sanamu. Huenda kile kilichokuwa mkononi bado kimelala mchangani kule chini. Ningefurahi kukiona. Lakini kama gharama yake ni roho nyingine, mkono ule na ubaki mtupu.