Chicago: Aliyehama na Aliyehamishwa

Kuanzia mwaka 1962, ukipita State Street kusini mwa Chicago ulikuta majengo 28 yamejipanga mstari, kila moja la ghorofa 16. Hizo ndizo zilikuwa Robert Taylor Homes, nyumba za umma za wapangaji wa kipato cha chini, karibu wote Weusi. Vibaraza vya nje vilizibwa kwa wavu wa chuma, na watoto walicheza nyuma ya wavu huo. Lifti ikiharibika, na iliharibika kila mara, mama alipanda ngazi giza hadi juu, mtoto begani na mfuko wa manunuzi mkononi. Jengo la mwisho lilibomolewa 2007. Swali limebaki: maskini wasaidiwe kuhama mitaa kama ile, au fedha zipelekwe kuitengeneza?

Umaskini ule ulirundikwa pale na watu. Miaka ya 1930 maofisa wa serikali kuu walichora ramani za miji na kuipaka mitaa ya Weusi rangi nyekundu, maana yake hapa pesa za mkopo zitapotea. Dhamana ya mkopo ya serikali, iliyowawezesha Wazungu kununua nyumba, Weusi wengi hawakuionja. North Lawndale, mtaa wa Chicago, walinunua kwa mafungu, hati ikibaki kwa muuzaji hadi fungu la mwisho. Ukikwama mwezi mmoja, unaweza kufukuzwa na yote uliyolipa yakapotea. Zilipokuja nyumba za umma, madiwani wa mitaa ya Wazungu wakakataa zisijengwe kwao.

Mwaka 1966 mpangaji mmoja, Dorothy Gautreaux, na wenzake walilishtaki shirika la nyumba la jiji kwa ubaguzi. Alifariki 1968, mwaka mmoja kabla ya hukumu kutoka upande wake. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu, na kutokana nayo ukaanza mpango wa vocha: familia inapanga nyumba ya mtu binafsi, nyingi zikiwa kwenye vitongoji vya Wazungu, na serikali inalipia sehemu kubwa ya kodi. Hadi 1998, familia zaidi ya 7,000 zilikuwa zimehama kwa njia hiyo.

Je, kuhama kunasaidia? Mwaka 1994 serikali kuu ililijaribu jambo hilo kwa kugawa vocha kwa bahati nasibu katika miji mitano, Chicago ikiwemo. Afya za kina mama ziliboreka, ila mapato yao hayakupanda, na wengi wakaona mpango umeshindwa. Kisha 2015 mwanauchumi Raj Chetty na wenzake wakawatazama watoto, ambao sasa walikuwa watu wazima. Waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 31 kuliko watoto wa familia zilizokosa vocha. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo.

Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za kuwasaidia watu wahame. Mtoto wa miaka sita hawezi kusubiri mtaa utengenezwe kwa miaka ishirini.

Lakini wanaosema fedha zipelekwe pale watu walipo nao wana haki ya kusikilizwa. Mama akihama anamwacha bibi anayelala na watoto yeye akiwa zamu ya usiku, na anaacha kanisa linalomchangia akifiwa. Na vocha zenyewe ziko wapi? Katika kila kaya nne za Marekani zinazostahili msaada wa kodi, ni moja tu inayoupata. Huwezi kuziambia tatu zilizobaki zihame bila kuzipa cha kuhamia.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofanyika Chicago kuanzia 2000. Jiji lilitangaza mpango mkubwa wa bomoabomoa, likiahidi kujenga au kukarabati nyumba 25,000 katika miaka 10. Watetezi wake walikuwa na la kusema: majengo yalikuwa yameoza, magenge yameyashika, na kuchanganya matajiri na maskini lilionekana wazo jema. Lakini familia za mpango uliotokana na kesi ya Gautreaux ziliomba kuhama, wakati hizi zililetewa notisi ya kuondoka. Wengi walipewa vocha wakaishia kwenye mitaa mingine ya Weusi, maskini vilevile, na ile miaka 10 ikasogezwa mbele. Huko ni kufukuzwa, na si haki kuhesabiwe pamoja na kuhama kule kulikowafaa watoto.

Kuhama kwa hiari kunahitaji mtu wa kukushika mkono. Seattle walijaribu hivyo kuanzia 2018: washauri walizisaidia familia zenye vocha kutafuta nyumba, kuongea na wenye nyumba na kulipa amana. Asilimia 53 zilipanga kwenye mitaa yenye nafasi nzuri kwa watoto. Miongoni mwa zile zisizosaidiwa zilikuwa asilimia 15. Kwa hiyo wengi walitaka mitaa hiyo tangu mwanzo, mlango ndio uliokuwa umefungwa.

Na aliyetaka kubaki State Street? Sehemu kubwa ya kiwanja cha Robert Taylor ilikaa miaka mingi ikiota nyasi, baada ya watu wake kuambiwa wapishe ujenzi.