Nge wa Mjomba

Mjomba alinipigia simu niende kwake haraka, hapo hapo Muscat, nikaone kitu ambacho hata marehemu babu hakupata kukiona. Nikamkuta sebuleni kashika donge la rangi ya asali, ndani yake nge mzima. Kaharabu ya Baltiki, akasema, utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe huko kaskazini mwa Ulaya, ina miaka milioni 40, na muuzaji kamuapia kwa Mungu. Bei hakuitaja. Lakini mkaza mjomba alikuwa anapanga vikombe kwa kuvigonga-gonga, nikaelewa.

Nikamtazama huyo nge. Mkia juu, magando wazi, miguu yote minane imepangika kama aliyekwenda kupiga picha ya pasipoti. Mdudu aliyenaswa na utomvu hupapatika. Utamkuta kajikunja, mguu umekatikia huku, bawa limekunjamana kule. Tena nge ndani ya kaharabu ni adimu sana. Wanaopatikana kwa wingi ni vijidudu: vinzi, mbu, sisimizi. Huyu alikuwa wa kumkimbiza mtu kitandani.

"Basi tuipime!" Mjomba akatoa kifua.

Tukakoroga chumvi kwenye jagi la maji mpaka ikakataa kuyeyuka. Kaharabu huelea humo. Donge likazama, ti! Mjomba akadai chumvi haijatosha, akamimina pakiti nzima. Tukaja kwenye sindano ya moto. Kaharabu ikiunguzwa hunukia utomvu. Hii ilinuka ndoo ya plastiki inayoungua. Mkaza mjomba akakimbilia jikoni kuzima jiko ambalo halikuwa limewashwa.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mjomba akaenda kuchukua tasbihi ya babu, iliyokuja na familia kutoka Unguja, ili anionyeshe kaharabu yenyewe. Akaitosa jagini. Ikaelea!

"Umeona? Kipimo gani kimebaki?"

Nikamwambia sandarusi, utomvu mkavu ambao haujakomaa kuwa kaharabu, nayo huelea, ila dawa ya kufutia rangi ya kucha huwatenganisha: kaharabu haijali tone mbili tatu, sandarusi changa hunata. Nilikuwa bado namwomba ajaribu punje moja tu, tena kwa pamba, na yeye keshaimwagia tasbihi yote chupa ya mkewe, anaisugua kwa viganja viwili.

"Mjomba, inanata?"

Kimya.

"Basi ni sandarusi. Na si ile ngumu ya kuchimbwa ardhini, iliyowaleta wafanyabiashara wa Salem, Marekani, hadi Unguja karne ya 19 kutafuta mali ya kutengenezea vanishi. Hii ni chakazi, utomvu wa juu juu mtini."

Mjomba hakuwa na nafasi ya historia. Viganja vilikuwa vimegandana, punje za babu katikati, na kila akivuta, ngozi inakwenda nazo. Mara hodi: jirani kampitia waende kuswali magharibi. Akamkuta Mjomba kasimama, viganja kifuani, macho juu, midomo inacheza. Akadhani yumo kwenye dua. Akainamisha kichwa, akasubiri, kisha akaitikia, "Amin."

Mkaza mjomba akamweleza yote, bila kuacha hata chembe ya chumvi. Jirani akacheka mpaka akakaa chini. Akachomoa tasbihi yake mfukoni, akaipeperusha mbele ya Mjomba.

"Sasa hii ndiyo kaharabu, sheikh. Ya Baltiki, wallahi!"

Mjomba akaacha kujivuta. Akaigeukia chupa taratibu; chini kulikuwa kumebaki kidogo.

"Mwanangu," akaniambia, "mpimie jirani yetu. Mimi mikono sina."