Lamu: bandari ilitangulia, haki za ardhi zikafuata

Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Waziri Mkuu wa Ethiopia Meles Zenawi na Rais wa Sudan Kusini Salva Kiir walikutana Lamu kuzindua ujenzi wa bandari mpya. Eneo lililochaguliwa lilikuwa upande wa bara, Magogoni na Kililana, mkabala na visiwa vya Manda na Pate. Kwenye michoro palikuwa na magati 32, reli, barabara kuu, bomba la mafuta, kiwanda cha kusafisha mafuta, uwanja wa ndege na mji wa kitalii. Mradi mzima, uliopewa jina la LAPSSET (ushoroba wa uchukuzi wa kuunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia), ulikadiriwa kugharimu zaidi ya dola bilioni 20. Waliokuwa wakilima na kuvua pale hawakuonekana popote kwenye michoro hiyo.

Tangu siku ile mjadala wa Lamu umeelezwa kwa namna moja: huku mji wa kale wenye milango ya nakshi na punda vichochoroni, huku winchi za bandari. Chagua kimoja. Mimi nadhani mgongano wenyewe hauko hapo. Mji Mkongwe wa Lamu, uliotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una eneo la takriban hekta 16 tu, na hakuna gati lililojengwa ndani yake. Wanaoumia zaidi wako nje ya mstari huo: mkulima wa ufuta na korosho wa Kwasasi, mvuvi wa Pate, mkata boriti wa mikokoni. Nao wana historia ndefu kama ya mji wenyewe. Shanga, kisiwani Pate, wachimbuaji walikuta msikiti wa karne ya 8. Siyu ina ngome yake, Takwa ina magofu yake. Huku ni mashambani na visiwani, na wageni wengi huishia kwenye gati la Amu, yaani mji wa Lamu, bila kufika.

Tuanze na upande wa wanaoitetea bandari, maana hoja zao si za kupuuzwa. Kwa miongo Lamu iliachwa nyuma kiasi kwamba hata kufika kwake kulikuwa mtihani. Barabara ya kutoka Garsen kupitia Witu ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, mabasi yalisindikizwa na polisi, na mgonjwa mahututi aliyehitaji kupelekwa Malindi au Mombasa alikuwa mikononi mwa Mungu. Leo ni lami. Mtu aliyezaliwa katika miji ya Mpeketoni au Hindi, humu humu Lamu, akikuambia kuwa LAPSSET ndiyo iliyoifanya serikali ikumbuke kwamba Lamu ipo Kenya, hasemi uongo. Vijana wa kaunti walipewa ufadhili wa masomo ili wapate ujuzi wa kazi za bandari. Na kina cha mita 17.5 kwenye magati ni jambo kubwa kibiashara, kwani meli kubwa ambazo bandari nyingi za ukanda huu haziwezi kuzipokea zinaweza kutia nanga hapa.

Kuna hoja nyingine ambayo watetezi wa urithi huikwepa. Utamaduni hauhifadhiwi na watu wasio na kipato. Nyumba ya mawe ya matumbawe inahitaji chokaa, boriti na fundi kila baada ya muda. Mwenye nyumba akishindwa humuuzia mgeni, na mtaa mzima hubadilika taratibu bila gati hata moja kujengwa. Machimbo ya maji ya mji, yale mafungu ya mchanga ya Shela yanayohifadhi maji tamu, yameingiliwa na wagawaji wa viwanja kwa miaka mingi, na hao si LAPSSET. Kwa hiyo anayesema Lamu ilikuwa salama hadi winchi zilipofika anapamba mambo.

Sasa twende baharini, kwa sababu ndipo madhara yalipoonekana mapema na ndipo ushahidi ulipo wazi.

Uvuvi wa Lamu kwa sehemu kubwa ni wa vyombo vidogo: mashua na madau ya mbao, nyavu, mishipi, na madema yanayotegwa kwenye maji ya kina kifupi karibu na mikoko. Wanaotafuta kambakoche huzamia kwenye miamba na kuingiza mkono penye mapango. Kazi hiyo hutaka maji meupe. Mashine zilipoanza kuchimba mkondo wa meli katika Ghuba ya Manda, tope lilitanda, na mzamiaji hakuliona hata jiwe lililo mbele yake. Sehemu za kuvulia zikafungwa au zikapitwa na vyombo vya ujenzi. Ukimwambia mvuvi huyo aende bahari kuu, unamtaka abadilishe chombo, injini, nyavu, njia ya kuhifadhi samaki na maarifa aliyorithi. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, ingawa kwenye ripoti inaitwa uvuvi vilevile.

Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kesi iliyofunguliwa na wanajamii wa Lamu tangu 2012. Majaji walikubali kwamba haki za wakazi zilikiukwa: haki ya mazingira safi, haki ya utamaduni, haki ya kupewa habari na kushirikishwa. Wavuvi wapatao 4,600 wakaamuliwa kulipwa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kiasi hicho kilitangazwa kwa shangwe, na kwa kweli ulikuwa ushindi ambao watu wachache sana wa vijijini wamewahi kuupata dhidi ya mradi wa serikali. Lakini gawanya uone: ni kama shilingi 380,000 kwa kila mvuvi. Makubaliano ya baadaye yakaigawa tena, asilimia 65 fedha taslimu na asilimia 35 kwa njia ya vifaa na huduma. Kwa anayepoteza sehemu ya kuvulia kwa maisha yake yote, na ya wanawe, hesabu hiyo haifiki mbali. Na malipo yalichukua miaka, wakati tope halikusubiri mahakama.

Watu wa serikali hujibu kuwa fidia ililipwa na shughuli iishe. Kwa upande wa ardhi wana hoja kiasi, kwani wenye mashamba Kililana waliahidiwa shilingi milioni 1.5 kwa ekari, bei ambayo hakuna mnunuzi wa kawaida angeitoa wakati ule. Tatizo ni swali la nani mwenye shamba. Sehemu kubwa ya ardhi ya pwani ilihesabiwa kuwa ya serikali tangu enzi za ukoloni, na familia zilizolima kwa vizazi hazikuwahi kupewa hatimiliki. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960, vya waasi waliotaka kaskazini-mashariki ijitenge na Kenya, viliwafukuza Wabajuni wengi, Waswahili wa pwani hii ya kaskazini, kutoka vijiji vya bara wakakimbilia visiwani. Walipotaka kurudi, wengine waliambiwa hawana karatasi. Miaka ya 1970 serikali ikafungua mpango wa makazi wa Lake Kenyatta huko Mpeketoni na kuzipa ardhi familia kutoka bara ya mbali. Kisha habari za bandari zilipovuma, wenye kujua ofisi za ardhi walikimbilia ramani. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za takriban ekari 500,000 ambazo kampuni 22 zilikuwa zimejipatia. Nusu milioni! Kaunti nzima, kwa sensa ya 2019, ina watu 143,920.

Ndiyo maana nasema kosa kubwa lilikuwa la mpangilio. Ardhi ilipaswa kupimwa na wenyewe kutambuliwa kwanza, kisha ndipo bei itajwe. Ilipofanywa kinyume, kila hatua nzuri iliyofuata ilionekana kama hila, hata pale ambapo haikuwa hila.

Kuna hofu nyingine inayosemwa kwa sauti ya chini, nayo ni ya idadi ya watu. Wapangaji walizungumzia mji wa bandari wenye watu zaidi ya milioni moja. Mwamu, mwenyeji wa Lamu, anayesikia hivyo anajiona mgeni kwake, kwenye sanduku la kura na kwenye soko la ajira. Hofu hiyo inaeleweka, lakini ikipewa nafasi yote inageuka kuwa chuki kwa jirani aliyekuja miaka hamsini iliyopita na asiyejua kwingine. Katiba inampa kila Mkenya haki ya kuishi popote nchini. Kinachoweza kudaiwa kwa haki ni nafasi za kazi za kweli kwa wenyeji, na hapo watetezi wa mradi wana maelezo ya kutoa, maana kijana aliyehitimu kozi ya bandari anahitaji meli ndipo apate kazi.

Na meli zimekuja polepole. Gati la kwanza lilizinduliwa tarehe 20 Mei 2021, mengine mawili yakafuata, na hayo matatu ndiyo yaliyotokea kati ya 32. Reli haipo. Uganda, ambayo mafuta yake yalitegemewa, iliamua mwaka 2016 kupitisha bomba lake Tanzania hadi Tanga. Kenya yenyewe ilipouza nje mafuta yake ya majaribio ya Turkana mwaka 2019, yalisafirishwa kwa malori hadi Mombasa. Matumaini ya sasa ni mizigo ya kuhamishwa kutoka meli moja hadi nyingine, biashara isiyohitaji reli lakini pia isiyoacha ajira nyingi nyuma yake. Kwa hiyo waliotabiri kuwa Lamu itamezwa na viwanda walikosea kama walivyokosea waliotabiri Dubai. Mvuvi amelipia bandari ya magati 32 na akapata ya magati matatu.

Linganisha haya na mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, ambao kwangu uko kwenye kapu tofauti kabisa. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga mtambo wa megawati 1,050 kwa gharama ya takriban dola bilioni 2, wakati mahitaji ya juu kabisa ya umeme ya nchi nzima yalikuwa kama megawati 1,900. Watetezi walisema viwanda vijavyo, na hasa bandari, vitauhitaji. Lakini Kenya tayari ilikuwa ikizalisha umeme wake mwingi kutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo, na mikataba ya aina hii hutaka mtambo ulipwe hata usipotumika. Tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ambayo NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilikuwa imeitoa. Sababu mojawapo inafaa kusomwa na kila mtayarishaji wa mikutano ya hadhara: mikutano iliyotajwa kama ushirikishaji ilifanyika kabla ya utafiti wa athari kukamilika. Wananchi waliitwa, wakaketi, wakasikiliza, na hawakuwa na ripoti ya kuijadili.

Bandari ina faida za kupimwa na hasara za kupimwa. Mtu mwenye busara anaweza kuiunga mkono na mwingine mwenye busara akaipinga. Makaa ya mawe kando ya mikoko, katika kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, sikuona hoja iliyosimama hata kabla ya jopo kusema. Wanaharakati waliochanganya miradi hii miwili katika kaulimbiu moja walipata umati mkubwa, lakini pia walimpa msemaji wa serikali jibu rahisi, kwamba hawa wanapinga kila kitu.

Kazi iliyobaki ni ya ofisini zaidi kuliko ya jukwaani. Kamati ya Urithi wa Dunia imeitaka Kenya mara kadhaa ipime athari za LAPSSET kwa urithi wa Lamu, na tathmini hiyo ingefaa iwatazame Pate, Siyu na Takwa, isiishie kwenye zile hekta 16. Mashamba ya Kwasasi yaliyotengwa kwa ajili ya mtambo usiojengwa yanahitaji kauli rasmi: wenyewe waendelee kulima kwa hati, au walipwe waondoke. Na sehemu ya fidia ya wavuvi inayotolewa kwa vifaa inapaswa kuchapishwa kijiji kwa kijiji, injini ngapi, boti ngapi, zimefika kwa nani, na ibandikwe pale pale ufukweni samaki wanapopimwa.